Lifti Yenye Mlango Wazi

Asubuhi ile Mwalimu alivaa blauzi ya buluu, akaivua, akavaa ya maua, akaivua nayo, mwishowe akarudia ile ile ya buluu na kujisonya mbele ya kioo. Watu wazima alikuwa amewafundisha miaka nenda, miaka rudi. Alishasimama mbele ya wakuu wa idara wasiopenda kuambiwa kitu na mtu, sembuse mwanamke, na magoti yake hayakuwahi kumsaliti. Lakini leo ndani ya ukumbi mmoja wangekaa watu wawili, mmoja aliyemlea na mmoja aliyempenda, na wawili hao walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Lilikuwa kongamano la watengeneza programu za kompyuta. Walikuja wa viwandani, wa mabenki, wa hospitali, kila mmoja na beji shingoni na uchovu wa kazi machoni, na kazi ya Mwalimu ilikuwa kuwafundisha kuchora. Si kuchora maua. Aliwafundisha kuuchora mfumo kabla ya kuuandika: visanduku vya kuonyesha kitu kiko katika hali gani, na mishale ya kuonyesha kinatokaje katika hali moja kwenda nyingine. "Karatasi haimuumizi mtu," alipenda kuwaambia. "Kosea hapa, usije ukakosea kule."

Penzi lake lilianzia kwenye somo hilo hilo, na balaa lake pia.

Mwaka uliopita, ukumbini humo humo, alikuwa katikati ya maelezo aliposimama kijana mmoja mrefu wa safu ya nyuma, mwandishi wa programu za kuendeshea lifti. "Mwalimu," akasema kwa sauti iliyoshiba, "sisi kazini tunaandika programu. Haya mambo ya kuchora visanduku tuliyaacha chekechea." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuna aliyerekodi, na kufikia jioni kicheko kile kilikuwa kimezunguka kwenye simu za watu wasiojua hata programu ni mdudu gani. Mmoja wao alikuwa Shangazi.

Kilichotokea baadaye hakikurekodiwa na mtu. Wakati wa mapumziko, Mwalimu alimfuata yule kijana kwenye meza ya chai, akamwekea kalamu na karatasi ya kufutia mikono.

"Nichoree lifti yako."

"Hapa? Sasa hivi?"

"Kama ni mambo ya chekechea, yatakushindaje?"

Kijana akachora huku akitabasamu. Alipofika katikati, mkono ulisimama na tabasamu likaondoka. Kumbe kosa lililokuwa likiwakwamisha abiria kati ya ghorofa, ambalo yeye na wenzake walilitafuta hadi wakakonda, lilikuwa limejilaza pale kwenye karatasi ya kufutia mikono. Aliinua macho akamtazama Mwalimu, na ule utazamaji Mwalimu aliuhisi mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Nimekosea mara mbili," kijana akasema polepole. "Kwa lifti, na kwako. Nisamehe."

"Na ubishi je?"

"Huo nimezaliwa nao."

Tangu siku hiyo akamwita Mbishi. Chai yao ilipoa mezani, na wao wakaanza kupata moto.

Sasa Mbishi alitaka kuoa, na wazazi wake walikwisha kupiga simu kuomba siku ya kuja kuzungumza. Aliyekuwa amekaa juu ya jibu ni Shangazi, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemlea Mwalimu tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Shangazi alistaafu shule tu, kusahihisha hakustaafu.

"Shangazi, aliniomba msamaha," Mwalimu alijaribu siku moja jikoni.

"Wapi?"

"Kwenye meza ya chai."

"Ahaa. Kukutukana, akutukane ukumbini. Kukuomba radhi, akuombe kwenye vikombe. Hesabu hiyo kwangu inapata sifuri."

"Basi nitamwambia aombe tena, mbele za watu."

"Thubutu! Radhi ya kufundishwa ni shairi la kukariri. Usimwambie neno." Shangazi alifuta mikono, akaitundika aproni. "Nitakuja huko kwenye kongamano lenu nimwone kwa macho yangu. Nikitoka hapo nitakuwa na jibu, na halitakatiwa rufaa."

Mwalimu alimpenda Mbishi hadi akamwota. Lakini kuolewa bila baraka ya Shangazi hakuweza, na wala hakutaka kuweza. Mwanamke yule ndiye aliyekesha naye kila homa na kila mtihani. Kwa hiyo maisha yake yote ya mbele yalikuwa yamening'inia kwenye kipindi kimoja cha asubuhi, na ndiyo maana blauzi ilivuliwa na kuvaliwa.

Alimkuta Mbishi kwenye korido, amesimama mbele ya lifti ya jengo, mikono mgongoni, akiitazama kama mganga anayemtazama mgonjwa wa mwenzake.

"Umepanda kwa lifti hiyo?"

"Nimepanda ngazi. Hii ni ya washindani wetu." Akageuka, akamwona. "Blauzi hiyo..."

"Achana na blauzi. Nisikilize. Leo hufungui mdomo."

"Hata kupiga chafya?"

"Chafya ikija, toka nje."

"Na nikiona kosa?"

"Hutaona kosa!"

"Sawa, mama. Sitaona kosa." Alijaribu kucheka, ila Mwalimu aliona namna alivyoishika ile beji yake, anaizungusha, anaizungusha. Naye alikuwa anaogopa. Moyo ukamlainika.

"Niahidi, Mbishi."

"Naahidi. Nitakuwa bubu mpaka Shangazi mwenyewe anionee huruma."

Wakaagana kwa macho tu, maana korido ilikuwa imejaa watu, na macho yale yalichelewa kuachana.

Somo lilianza vizuri. Mwalimu aliwataka watazame lifti, kwa kuwa hakuna mtu asiyewahi kupanda lifti. Hiyo ndiyo sababu aliyoitaja, ile nyingine mnaijua. Alichora ubaoni kisanduku cha kwanza: *imetulia, mlango umefungwa*. Cha pili: *mlango wazi*. Cha tatu: *inapanda*. Cha nne: *inashuka*. Akaanza kuviunganisha kwa mishale, akieleza huku na huku, na ukumbi ulikuwa unamfuata vizuri.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, Shangazi akaingia.

Alikuwa na mkoba wake mweusi mkononi na miwani puani. Alisimama akakagua ukumbi kama anayetafuta nani hajachana nywele. Viti vitupu vilikuwa tele. Akavipita vyote, akaenda kuketi kwenye kile kilichokuwa karibu na Mbishi. Bila shaka alimfahamu kutokana na ile video.

Mbishi alisimama wima. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Mbele kule Mwalimu hakusikia maneno, lakini aliona midomo, na aliona jinsi mwanamume mzima alivyojikunja kwenye kiti. Huku macho yakiwa kule nyuma, mkono wake uliendelea kuchora mishale wenyewe, akamaliza, akaifunika kalamu.

"Haya. Kuna swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Watu walikuwa wameinamia daftari wananakili, wengine wameinua simu wanapiga picha. Fundi mmoja wa hospitali, mwenye kitambi cha furaha, akainua mkono.

"Sina swali, Mwalimu, nina shukrani. Sisi tunafunga lifti mpya ya kubebea wagonjwa. Tukirudi tunaanza na mchoro huu huu."

"Karibuni sana," Mwalimu akasema, na akajiruhusu kupumua.

Akamtupia jicho Mbishi. Mbishi alikuwa ameuma mdomo. Mikono yake ameikalia. Jasho linamtoka, na macho yameganda ubaoni. Kwanza Mwalimu alidhani anaumwa. Kisha akaikumbuka ile sura, ya kwenye meza ya chai, mkono uliposimama katikati ya mchoro.

Kuna kosa.

Aliugeukia ubao. Visanduku vilikuwa pale, mishale ilikuwa pale, na yeye hakuona kitu. Mwenye kosa huwa wa mwisho kuliona. Alipitia tena, maneno yakamchanganyika, na huku nyuma yake simu zinaendelea kupiga picha. Akawaza: Mbishi asiponyamaza, Shangazi atasema si nilikwambia. Akinyamaza, mgonjwa wa watu atapandishwa kwa mchoro wangu.

Mbishi akainua mkono.

Shangazi aligeuza shingo taratibu, akavua miwani. Kwa waliosoma shuleni kwake, kuvuliwa kwa ile miwani kulikuwa dalili ya mvua ya mawe.

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Wewe wa nyuma."

"Samahani, Mwalimu. Sina la kubisha." Kicheko kidogo kikapita kwa waliokuwepo mwaka jana. "Ila kwenye maelezo ya somo uliandika kwamba mchoro haunakiliwi mpaka utembezwe. Naomba nijitolee. Naomba niwe lifti."

Ilikuwa kweli! Kutembeza mchoro ndiyo ilikuwa kanuni aliyoipenda Mwalimu kuliko zote. Mtu mmoja anajifanya ndiye kile kitu kilichochorwa, na anafuata mishale tu, neno kwa neno, hata kama ni ya kijinga. Katika wasiwasi wa leo aliisahau kabisa.

"Njoo mbele," akasema. "Unakumbuka masharti? Unafuata mchoro, hufuati akili yako."

"Akili naiacha kwenye kiti." Akamwinamia Shangazi. "Mama, naomba unitunzie."

"Haionekani kuwa mzigo mkubwa," Shangazi akajibu, na safu tatu za nyuma zikacheka.

Mbishi akaja, akasimama chini ya jukwaa, mikono ameikutanisha mbele ya kifua kuwa milango miwili iliyofungwa. Uso wake ulikuwa mkavu kama chuma. Mwalimu ilimbidi atazame pembeni asije akacheka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisahau kuogopa.

"Nani atakuwa abiria?"

Watu wakatazamana. Mainjinia ni mashujaa sana mbele ya kompyuta.

"Mimi," ikasema sauti ya nyuma. Shangazi alikuwa amekwisha kusimama, mkoba begani. "Nimechoka kukaa."

Akashuka kati ya viti, ukumbi ukampisha kwa macho. Alipofika akamchoma Mbishi kidole begani, kama mtu abonyezaye kitufe ambacho hakiamini. Mbishi aliutazama ubao, akaufuata mshale, akafungua mikono yote miwili, wazi.

"Karibu ndani, Mama."

"Lifti haiongei!" Mwalimu akamkaripia, na ukumbi ukacheka.

Shangazi akatanguliza mguu mmoja, akanyoosha mkono na kumbonyeza kifuani. "Ghorofa ya tatu."

Mbishi akautazama tena ubao. Kutoka kwenye *mlango wazi*, mshale wa *abiria amebonyeza ghorofa* ulikwenda moja kwa moja hadi *inapanda*. Hakusita hata kidogo. Akiwa na mikono wazi vile vile, akaanza kuunguruma kwa koo, nguuuuu, akapanda jukwaani.

"We! We kijana!" Shangazi akaruka nyuma. "Mlango! Hujafunga mlango!"

Lifti haina masikio. Mkanda wa mkoba ulikuwa umenasa kwenye kiwiko chake, na mkoba wa mwalimu mkuu mstaafu ukaanza safari ya kwenda juu peke yake. Mbishi akapanda kiti, tai imepinda, mkoba unabembea, anaunguruma. Akatazama kushoto, akaona meza, akapanda meza.

"Simamisha! Mkoba wangu! Jamani, msimamisheni!"

Ukumbi ulikwisha kwa kicheko. Fundi wa hospitali alijishika kitambi machozi yakimtoka. Mwalimu alisimama amefunika mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu sasa alikuwa ameliona. Ule mshale. Alikuwa ameuanzisha kwenye kisanduku cha *mlango wazi*, wakati ulipaswa kuanzia kwenye kile cha *imetulia, mlango umefungwa*. Aliuchora akimtazama Shangazi anaketi. Na Mbishi, ambaye angeweza kulitaja kosa kwa maneno manne tu, alikuwa amesimama juu ya meza na mkoba wa kike mkononi, anachekwa na kongamano zima.

Akaenda ubaoni akaufuta.

"Nimekosea," akasema, na ukumbi ukatulia. "Futeni picha zenu. Lifti niliyochora inapanda na mlango wazi. Tungeiandika hivi, mtu angekatika mguu. Leo tumemuumiza nani?"

"Mkoba!" ukumbi ukajibu kwa pamoja.

"Basi ndiyo faida ya kuchora." Akauchora mshale upya, safari hii macho yakiwa ubaoni, na kutoka kwenye *mlango wazi* akachora mwingine wa kurudi kwenye mlango uliofungwa. "Haya, lifti, shuka."

"Funga mlango kwanza!" wakapiga kelele wote.

Mbishi akafunga mikono, mkoba ukiwa umekumbatiwa kifuani, akashuka mezani, akashuka kitini, akashuka jukwaani. Akamkabidhi Shangazi mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha, badala ya kurudi kwenye kiti, akabaki pale pale.

"Mwalimu, lifti inaruhusiwa kusema kidogo?"

Moyo wa Mwalimu ukapiga teke. "Kidogo."

Mbishi aliwageukia watu. Uso wa chuma ulikuwa umemtoka, umebaki wake mwenyewe, umelowa jasho.

"Mwaka jana nilisimama pale nyuma nikasema kuchora ni mambo ya chekechea. Wengi wenu mlikuwepo, na mlicheka. Nilikosa adabu. Na nilikuwa mwongo, kwa sababu siku ile ile, nusu saa baadaye, mchoro wake uliniokoa kazini, nami sikurudi hapa kuwaambia. Nimekaa na aibu hiyo mwaka mzima." Akamgeukia. "Mwalimu, naomba radhi. Mbele ya hawa hawa."

Hapakuwa na aliyecheka. Mwalimu aliweka kalamu mezani.

"Nimeipokea," akasema. "Rudi ukakae." Na akawageuzia mgongo, akajifanya anatafuta kalamu, hadi macho yalipokauka. Makofi yaliyopigwa nyuma yake yalichukua muda kuisha.

Wakati wa mapumziko Shangazi hakuonekana kwenye meza ya chai. Walimkuta kwenye korido, amesimama mbele ya lifti, mkoba umekumbatiwa, mkanda umechanika. Mwalimu alisimama upande mmoja, Mbishi upande wa pili.

"Wewe," Shangazi akamwambia mpwa wake, "ulimwambia aombe radhi?"

"Sikumwambia, Shangazi. Haki ya Mungu."

"Na lile kosa. Aliliona tangu mwanzo?"

"Aliliona."

"Najua aliliona. Nilikuwa pembeni yake, kiti kilikuwa kinatetemeka mpaka changu. Nikasema moyoni, sasa atasimama aonyeshe ujuaji wake, nami nirudi zangu nyumbani na jibu." Akajaribu kuunga mkanda uliochanika, ukagoma. "Mwaka jana alifanya watu wakucheke wewe. Leo kapanda meza ili wamcheke yeye."

Mwalimu alijiuma ulimi asilie.

"Mbona husemi kitu?" Shangazi akamgeukia Mbishi. "Ulikuwa na maneno mengi kwenye ile video."

Mbishi akamtazama Mwalimu. "Niliahidi kuwa bubu, Mama, mpaka unionee huruma."

"Nani kakwambia nina huruma?" Lakini pembe ya mdomo ilimcheza, na Mwalimu, aliyeujua mdomo ule tangu utotoni, alijua jibu ni ndiyo. "Waambie wazazi wako waje Jumamosi. Mchana, si asubuhi, asubuhi nafua. Na huu mkanda utaushona wewe, kwa mkono wako, nikiona."

"Nitaushona, Mama."

"Shangazi," akasahihishwa. "Mama unamwita aliyekuzaa. Mimi ni Shangazi."

Mwalimu alilia basi, akacheka, akalia tena, na Mbishi alisimama pale hajui aiweke wapi mikono yake ambayo dakika chache nyuma ilikuwa milango. Alitamani kumkumbatia mpenzi wake mbele ya kongamano zima. Aliishia kumpa kitambaa, na vidole vyao vikakawia kidogo chini ya kitambaa kile.

Kengele ikalia. Lifti ya jengo ikafika, milango ikafunguka, ndani tupu.

"Tushuke tukanywe chai, Shangazi?" Mbishi akamwonyesha njia kwa adabu zote.

Shangazi aliutazama ule mlango wazi. Akamtazama Mbishi. Akamkabidhi mpwa wake mkoba.

"Tutashuka kwa ngazi," akasema, akamnyooshea Mbishi kiwiko. "Nishike mkono. Polepole, magoti yangu si ya chuma."